Betri Mpya, Asubuhi Gari Halipigi Stata: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Hitilafu ya Umeme Nyumbani

Mtu ananunua betri mpya. Wiki mbili baadaye gari halipigi stata, anaambiwa altaneta (mashine inayochaji betri injini ikizunguka) imekufa, ananunua nyingine ya mtumba. Mwezi haujaisha, bado anaomba majirani wamsukume. Fedha zimeishia kwenye vitu viwili ambavyo pengine vilikuwa vizima. Hitilafu yenyewe iko palepale: kibano cha betri kilicholegea, waya wa ethi (unaounganisha hasi ya betri na bodi na injini) ulioliwa na kutu, au alamu iliyounganishwa ovyo.

Kosa linalorudiwa ni kubadilisha kabla ya kupima. Hatua zifuatazo zimepangwa hivi kwa sababu kila kipimo kinategemea kilichotangulia, kwa hiyo usiruke hata kimoja. Zimeandikwa kwa kufikiria Corolla 100 na 110, Starlet, Carina na magari mengine ya Kijapani ya miaka ya 1990. Namba zake zinafaa gari lolote la petroli la volti 12 ambalo hasi ya betri imefungwa kwenye bodi.

Andaa hivi kwanza

- Multimita ya kidijitali. Ya bei ndogo inatosha, mradi iwe na kipimo cha volti 20 DC, milivolti 200 DC na tundu la ampea 10.
- Balbu ya indiketa ya wati 21, iliyofungwa vipande viwili vya waya vyenye urefu wa nusu mita.
- Spana namba 10, 12 na 14, bisibisi na koleo.
- Brashi ya waya, msasa laini na mswaki wa zamani.
- Soda ya kuokea, vijiko viwili vya chakula katika nusu lita ya maji ya vuguvugu. Usitumie kostiki soda ya kutengenezea sabuni: ikikutana na asidi hutoa joto kali na kuruka.
- Vaselini.
- Fyuzi za akiba za ampea 7.5, 10, 15 na 20.
- Waya za jampa na chaja ya betri. Chaja unaweza kuazima.
- Glavu na miwani ya kukinga macho.

Kabla ya kugusa chochote

Vua pete, saa na bangili. Pete ikigusa chanya na bodi kwa pamoja, huwa nyekundu kwa joto ikiwa bado kidoleni.

Fungua kibano cha hasi kwanza na ukirudishe mwisho. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi inapiga shoti ya betri nzima. Hasi ikiwa imeshatoka, spana ile ile haina madhara.

Betri inayochajiwa hutoa hidrojeni. Usivute sigara karibu nayo wala kumulika kwa kiberiti.

Acha kioo kimoja wazi. Magari yenye senta loki na alamu hujifunga umeme unaporudi, na ufunguo ukabaki ndani.

Kuna desturi moja gereji ambayo inafaa kukomeshwa kabisa: kuchomoa kibano cha betri injini ikiwa inaunguruma, ili "kujua kama altaneta inachaji". Betri ndiyo inayotuliza volti za altaneta. Ukiichomoa ghafla volti huruka juu kwa mshindo na kuua daiodi za altaneta (vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu), redio au kompyuta ya injini. Mita inakupa jibu lile lile kwa sekunde tano bila kuharibu kitu. Fundi akinyoosha mkono kufanya hivyo kwenye gari lako, mzuie.

Hatua ya 1: Ijue hali ya betri

Chaji betri mpaka ijae, kisha iache ipumzike saa nne au zaidi. Ukipima mara tu baada ya kuchaji, mita itakudanganya kwa volti za juujuu. Kama huna muda, washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri dakika tano.

Weka mita kwenye volti 20 DC. Ncha nyekundu iguse kichwa cha chanya na nyeusi kichwa cha hasi. Gusa risasi ya betri yenyewe, si kibano.

- 12.6 au zaidi: imejaa.
- 12.4: karibu robo tatu.
- 12.2: karibu nusu.
- 12.0: karibu robo.
- 11.9 kushuka: tupu.

Betri iliyochajiwa ikajaa, ikalala imechomolewa kwenye gari, kisha asubuhi ikasoma chini ya 12.4, ni mgonjwa yenyewe. Ikisoma 10.5 hivi na chaja haiipandishi, chumba kimoja kati ya sita kimekufa. Hiyo haitengenezeki.

Kama betri yako ina vifuniko vya maji, vifungue. Maji yafunike sahani kwa kiasi cha sentimita moja. Ongeza maji yaliyosafishwa ya betri peke yake. Usiongeze asidi, kwa sababu maji ndiyo yanayopungua. Asidi inabaki ndani.

Hatua ya 2: Safisha vichwa na vibano

Ifanye hata kama vinaonekana visafi, kwa sababu tabaka baya la kijivu hujificha katikati ya risasi na kibano, mahali jicho halifiki.

Toa hasi, kisha chanya. Mwagia unga mweupe au wa kijani maji ya soda, acha yatoe povu, sugua kwa mswaki, suuza. Hakikisha maji ya soda hayaingii ndani ya betri kupitia vifuniko. Kisha kwangua kichwa chenyewe na ndani ya kibano mpaka risasi ing'ae.

Tazama pia unene. Betri nyingi za Kijapani za ukubwa wa NS40 na NS60 huja na vichwa vyembamba au vinene, na herufi S mwishoni mwa jina, kama NS40ZLS, ina maana ya vinene. Mtu akinunua yenye vichwa vyembamba wakati vibano vyake ni vya vinene, atapachika msumari, kipande cha kopo au sarafu ili kibane. Kibano hicho kitashika taa na redio bila shida, halafu kitashindwa stata. Ng'oa msumari, weka vikombe vya risasi vinavyouzwa kwa kazi hiyo, au badilisha kibano.

Kaza kwa spana namba 10. Kibano kisizunguke hata kidogo ukikisokota kwa mkono. Vaselini ipake juu baada ya kukaza, si ndani kabla ya kukaza.

Hatua ya 3: Soma mita wakati wa kupiga stata

Hapa unahitaji mtu wa kukushikia ufunguo. Toa fyuzi au rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) iliyoandikwa EFI, yaani mfumo wa kupuliza petroli, ili injini isiwake. Kwa gari la kabureta, chomoa plagi ndogo ya umeme kwenye distributa. Gia iwe nyutro au P, na hendibreki ivutwe.

Ncha za mita ziwe kwenye vichwa vya betri. Msaidizi apige stata kwa sekunde tano, wewe soma.

Ikibaki juu ya 9.6 na stata inazunguka kwa nguvu, betri na stata ni nzima. Ikianguka mpaka 7 au 8 ingawa betri ilikuwa imejaa, betri haina nguvu ya kubeba mzigo, au stata imekwama na inakula umeme kupita kiasi.

Hali inayowapoteza wengi ni ya tatu: stata inazunguka kivivu au haizunguki kabisa, na mita bado inasoma 11.5 au 12. Betri ina umeme, ila haufiki. Ukinunua betri nyingine hapo, hutabadilisha kitu.

Sikiliza pia mlio. *Tatata* ya haraka huashiria betri dhaifu au kiungo kibovu. *Ta* moja kubwa, kisha kimya, mara nyingi ni vipande vya shaba ndani ya solenoidi ya stata (swichi yake kubwa ya sumaku) vilivyolika. Kwenye stata za Denso vipande hivyo huuzwa peke yake, huna haja ya stata nzima. Kimya kabisa, bila mlio wowote, kunakupeleka kwenye swichi ya ufunguo, rilei, swichi ya nyutro ya gari la otomatiki, au waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi.

Hatua ya 4: Tafuta volti zinazopotea njiani

Ukijifunza kipimo kimoja tu katika mwongozo huu, kiwe hiki.

Watu hupima waya kwa ohmi, mita inalia, wanasema waya ni mzima. Kipimo hicho hakifai kwa nyaya nene. Stata hula ampea 150 hivi. Kiungo chenye ukinzani wa sehemu moja ya mia ya ohmi (0.01) kinapoteza volti 1.5 kwa mzigo huo, na stata inakosa nguvu. Mita ya kawaida haiwezi kabisa kuiona 0.01 ya ohmi. Lakini volti 1.5 inaziona waziwazi. Kwa hiyo acha ohmi, pima volti huku umeme ukipita.

Fyuzi ya EFI ikiwa bado imetolewa, mita kwenye volti 20 DC:

Upande wa ethi. Ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini (kwangua rangi au mafuta kwanza). Piga stata sekunde tano. Matokeo mazuri ni 0.2 au chini. Ikizidi 0.5, ethi ya injini ni mbovu.

Upande wa chanya. Ncha moja kwenye kichwa cha chanya, nyingine kwenye bolti kubwa ya stata inayopokea waya wa betri. Piga stata. Isizidi 0.5.

Ukipata namba kubwa, sogeza ncha hatua kwa hatua: kutoka kichwa cha betri hadi kibano chake, kibano hadi waya, mwanzo wa waya hadi mwisho wake, mwisho wa waya hadi bolti. Mahali namba inaporuka ndipo penye ugonjwa. Kiungo kizima husoma karibu na 0.0.

Waya wa ethi hukaa mahali pabaya, chini, karibu na giaboksi, unarushiwa maji na tope. Mombasa, Tanga na Dar es Salaam hewa ya chumvi huumaliza upesi zaidi, tena kwa ndani: ganda la plastiki likiwa zima, nyuzi za shaba chini yake zimegeuka unga wa kijani. Ukibonyeza ganda karibu na kiungo likawa gumu au likatoa sauti ya kusagika, badilisha waya wote.

Njia ya haraka ya kuthibitisha ni waya moja ya jampa kutoka kichwa cha hasi moja kwa moja hadi kwenye chuma cha injini, mbali na feni. Stata ikichangamka, umeshapata jibu. Fungua waya wa zamani, kwangua bodi na injini mpaka chuma king'ae, funga mpya wenye unene ule ule au zaidi.

Dalili nyingine za ethi mbovu: waya wa aksileta au wa klachi unapata moto wakati wa kupiga stata (umeme umekosa njia, unapita humo), geji ya joto inapanda ukiwasha taa kubwa, au ukiwasha indiketa taa ya jirani inapepesa pamoja nayo. Hiyo ya mwisho ni ethi ya kikombe cha taa husika: fuata waya wake wa ethi, mara nyingi mweupe wenye mstari mweusi kwenye Toyota, hadi kwenye bolti ya bodi na uisafishe.

Rudisha fyuzi ya EFI.

Hatua ya 5: Pima altaneta ikiwa mahali pake

Kaza mkanda kwanza. Ukiubonyeza kwa dole gumba katikati, ushuke kama sentimita moja. Mkanda unaoteleza huiga altaneta iliyokufa, na hupiga kelele ukiwasha taa.

Washa swichi bila kuwasha injini: taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi lazima iwake. Isipowaka, shughulikia balbu yake, fyuzi ya geji au plagi iliyo nyuma ya altaneta kabla ya kulaumu altaneta.

Washa injini, ikanyage kidogo ifike mizunguko 1,500 hivi, pima kwenye vichwa vya betri.

- 13.8 hadi 14.7: inachaji vizuri.
- Chini ya 13.2: haichaji vya kutosha.
- Zaidi ya 15: regyuleta (kidhibiti volti cha altaneta) imeharibika, itachemsha betri na kuunguza balbu. Usiendeshe hivyo.

Washa taa kubwa, feni ya ndani na waipa. Isishuke chini ya 13.2.

Ikiwa namba ni ndogo, pima kutoka bolti kubwa ya altaneta (B) hadi kichwa cha chanya, mizigo ikiwa imewashwa. Zaidi ya 0.3 maana yake altaneta inazalisha na umeme unapotelea njiani: waya, au fyuzi kubwa ya ALT iliyofungwa kwa nati. Kisha pima ganda la altaneta hadi kichwa cha hasi, isizidi 0.2. Pande zote mbili zikiwa safi na chaji bado ndogo, hapo sasa altaneta ishuke. Anza na brashi za kaboni, ambazo ni bei ndogo na ndizo zinazoisha kwanza.

Angalizo: bolti ya B ina umeme wa betri muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Chomoa hasi kabla ya kuigusa kwa spana.

Hatua ya 6: Umeme unaovuja gari likiwa limelala

Ukifika hapa, betri, vibano, ethi na chaji viko sawa, na bado gari linakufa usiku. Sasa kuna kitu kinakula.

Milango ifungwe, buti lifungwe, ufunguo utolewe. Boneti ikiwa na swichi ya alamu, ibonyeze na uifunge kwa tepu. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10 na swichi yake kwenye 10A. Mita nyingi za bei ndogo hazina fyuzi kwenye tundu hilo, kwa hiyo usipige stata wala kuwasha taa kubwa mita ikiwa imeunganishwa. Itaungua mkononi.

Fungua kibano cha hasi. Ncha nyekundu iguse kibano, nyeusi iguse kichwa cha betri. Subiri dakika 15 mpaka alamu na saa vitulie. Alamu inayojiamsha ukichomoa betri itakusomesha namba za uongo.

Gari la umri huu bila alamu husoma ampea 0.01 hadi 0.03. Likiwa na alamu na redio, mpaka 0.05 inakubalika. Kwa 0.05 unapoteza ampea-saa 1.2 kwa siku, na betri ya ampea-saa 45 itafika nusu baada ya siku 18 au 19. Balbu ya buti ya wati 5 iliyokwama inakula 0.4, yaani karibu ampea-saa 10 kwa siku. Siku ya tatu asubuhi umekwama. Taa mbili za breki hula 3.5, na usiku mmoja unatosha.

Sasa chomoa fyuzi moja, tazama mita, irudishe, nenda inayofuata. Namba ikianguka ghafla, umepata tawi lenye mla umeme. Soma kifuniko cha sanduku ujue fyuzi hiyo inalisha nini.

Ukirudisha betri, kuna njia laini zaidi isiyohitaji kuchomoa fyuzi: mita kwenye milivolti 200, gusa vidoti viwili vya chuma juu ya fyuzi. 0.0 ni hakuna kinachopita. Kwenye fyuzi ya ampea 10, kila 0.7 hivi ni karibu ampea 0.1.

Wahalifu wa kawaida, kwa mpangilio wa kuwatafuta:

Alamu na traka zilizofungwa baadaye. Nyaya zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu, gundi imeyeyuka kwa joto. Chomoa alamu nzima na upime upya.

Redio. Waya wa njano ni wa umeme wa kudumu na mwekundu ni wa swichi. Aliyefunga akiviunganisha pamoja ili redio icheze bila ufunguo, redio hailali.

Swichi ya breki. Kwenye Toyota za zamani kuna kipande cha plastiki juu ya pedali kinachosukuma swichi. Kikipasuka, taa za breki zinawaka daima. Ukikuta vipande vya plastiki kwenye zulia chini ya pedali, ndiyo hiyo. Ni kipande cha bei ndogo sana. Kwa dharura bolti fupi na nati vinaziba tundu.

Balbu ya buti na ya sanduku la dashibodi. Ifungue ghafla uiguse: ikiwa ya moto, ilikuwa inawaka.

Kama hakuna fyuzi inayoshusha namba, mtuhumiwa ni altaneta yenye daiodi inayovuja. Ondoa kibano cha hasi kabisa, fungua waya wa B, ufunge kwa tepu usiguse chuma, kisha pima tena kwa mita. Namba ikishuka, altaneta iende kwa fundi wa kuzifungua.

Hatua ya 7: Fyuzi inayoungua kila ukiibadilisha

Usiweke fyuzi kubwa zaidi, waya wala karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi imewekwa kulinda waya. Ukiiondolea kazi hiyo, waya wenyewe ndio utakaoungua, ndani ya dashibodi, na gari pamoja nao. Rangi hukusaidia: nyekundu ni 10, buluu 15, njano 20, kijani 30.

Chukua ile balbu ya wati 21. Pachika waya zake mbili mahali pa fyuzi iliyoungua na uwashe kifaa husika. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote, shoti ipo. Umeme unaopita sasa hauzidi ampea 1.75, kwa hiyo una muda wa kutafuta bila kuunguza kitu.

Chomoa vifaa vya tawi hilo kimoja kimoja. Balbu ikizimika au kufifia, kifaa ulichochomoa ndicho kibovu. Ikiendelea kuwaka vyote vikiwa vimetoka, shoti iko kwenye waya. Tikisa fungu la nyaya taratibu: kwenye bawaba za milango, bawaba ya buti, chini ya zulia, karibu na mabomba ya moto. Ukigusa mahali balbu ikapepesa, simama hapo.

Kufunga kazi

Usisokote waya kwa vidole na kuufunika kwa tepu peke yake. Menya sentimita moja na nusu kila upande, pitisha kwanza mrija unaosinyaa kwa joto, sokota, lehemu, kisha vuta mrija juu na uupashe moto. Waya wa bawabani usiulehemu mahali unapokunjika, kwa sababu lehemu hufanya shaba iwe ngumu na itakatika pembeni yake. Hapo unga kipande kipya kirefu, maungio yakae ndani ya bodi na ndani ya mlango.

Jioni, zima kila kitu, subiri saa moja, andika volti za betri. Pima tena asubuhi kabla ya kufungua mlango. Ikiwa jana ilikuwa 12.6 na leo haijashuka chini ya 12.5, piga stata. Usiku wa pili rudia, kwa sababu alamu zingine huamka usiku mmoja na kulala mwingine.